Mwaka Mzee Mlangoni kwa Dayra

Asubuhi ya siku ya mwisho ya Desemba, Sajini Estenia Pinargote alimtia mbaroni mshukiwa asiye na mfupa hata mmoja.

Mshukiwa alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba ya Bi Mariuxi Chancay, mikono imelazwa magotini kama mtu anayengoja kupigwa picha. Alivaa sare ya shule. Kifuani alipitishiwa utepe mpana wa manjano, buluu na nyekundu, ule wa mwanafunzi anayebeba bendera. Ndani alishindiliwa unga wa mbao. Mahali pa uso ilibandikwa picha kubwa ya Dayra, binti pekee wa Bi Mariuxi, meno yamechorwa kwa wino mweusi yakashuka mpaka kidevuni.

Siku hiyo mji mzima wa Rocafuerte ulikuwa na masanamu mlangoni. Nyumba hii imemweka mbunge, ile imemweka kipa aliyefungwa mabao ya aibu, nyingine imemweka shemeji mlevi, na mwenyewe kakaa pembeni ya sanamu lake akijisifu. Usiku huo masanamu yote, kila moja likiitwa Mwaka Mzee, yangechomwa ili mwaka uondoke na mikosi yake. Lakini kumchoma mtoto wa jirani, tena wa miaka kumi na saba, hilo halikuwa limewahi kuonekana.

"Afande, mbona humtii pingu?" aliuliza mjane mmoja mwenye ndevu.

Wajane wa siku hiyo ni wanaume. Huvaa magauni meusi, hujaza maputo kifuani, hufunga kamba katikati ya barabara na kuwalilia madereva kwamba Mwaka, mume wao, anakufa na hakuacha hata senti ya mazishi. Huyu alikuwa fundi pikipiki wa mtaa wa pili.

"Nani kamleta huyu?" Estenia alimwuliza.

"Mimi nalia tangu alfajiri, mama. Machozi yamenifumba macho."

"Yafumbue. Nikija kukagua karakana yako mwezi ujao utalia bila kujipaka wanja."

Watu wakacheka. Mjane akapunguza sauti. "Tulipofika kufunga kamba tulimkuta ameshakaa. Kweli tupu."

Koplo Ulbio Loor, mwenzake Estenia, mtu mnene mwenye mafua ya kudumu, alimbeba mshukiwa begani na kumlaza nyuma ya gari la polisi. Unga wa mbao ukamwingia puani. Alipiga chafya mpaka mbwa wa mtaa wakaitikia.

Estenia hakucheka. Aliingia ndani.

Bi Mariuxi alikuwa mpishi wa peremende za maziwa na mayai, zile zinazofanya watu washuke basi Rocafuerte hata kama hawana wanayemfahamu. Leo sahani zake kubwa zilikuwa zimefunikwa juu ya meza.

"Yuko wapi?"

"Chumbani. Ameona. Nilitaka kulificha sanamu lakini picha yake tayari ilikuwa kwenye simu." Bi Mariuxi aliongea kwa kunong'ona, jicho mlangoni. "Simu hiyo, afande, nilimnyang'anya, akaacha kula. Nikamrudishia, akaacha kulala. Niambie wewe nishike lipi."

"Daktari alisema nini?"

"Nisimwache peke yake. Hasa leo. Usiku wa jana alinisemesha. Siku nyingi hakuwa amenisemesha. Aliniambia, 'Mama, wakilichoma hilo mbele ya watu, na mimi nimekwisha.' Hakulia. Angelia ningepata nafuu."

Sanamu lilikuwa limetangazwa kwa juma zima. Akaunti moja ya mtandaoni ilijiita Wosia wa Mwaka, na ilifanya kile ambacho kila mtaa hufanya kwa mzaha: kuandika wosia wa Mwaka Mzee, nani anarithishwa nini. Tofauti ni kwamba mzee huyu alikuwa na mrithi mmoja tu. Ilianza baada ya ile siku ya Septemba Dayra alipoapishwa kubeba bendera ya taifa kwa sababu wastani wake uliwapita wote shuleni. Kila siku beti. Estenia alikuwa amezisoma mpaka zikamkaa kichwani kama tangazo la sabuni:

*Dayra mshika bendera, nakuachia sahani,*
*ya peremende za mama, zilizohonga shuleni;*
*nakuachia kioo, ujitazame usoni,*
*uone meno ya punda, na baba asiye ndani.*

Beti moja si kitu. Beti moja kila siku, na chini yake mia wanacheka, ni kitu kingine. Dayra aliacha kwanza kutabasamu, kisha kufungua mdomo akiongea, kisha kuongea. Alifunika kioo cha chumbani kwa taulo. Halafu akaacha shule, yeye aliyekuwa akienda hata na homa.

"Hili la baba," Estenia akasema. "Mtaani wanajua mumeo, mzee Intriago, yuko Uhispania anatuma pesa."

"Ndivyo nilivyowaambia."

"Na ukweli?"

"Ukweli ana mke mwingine huko na hajatuma kitu tangu binti akiwa mdogo. Dayra mwenyewe hakujua. Alilisoma hapo, afande. Mwanangu alijifunza habari za baba yake kwenye wimbo wa kumcheka."

"Ulimwambia nani?"

"Mungu."

"Zaidi yake?"

"Sikumwambia mtu."

Estenia alikwenda mlangoni pa chumba, akagonga kwa kucha. "Dayra, ni mimi, yule polisi mwenye kelele. Sanamu nimelikamata. Liko garini linapigiwa chafya."

Kitanda kililia, mtu kajigeuza.

"Anakula?" akamwuliza mama.

"Supu tu, tena si yangu. Mama yake wa ubatizo, Ramonita, anamletea kila adhuhuri. Akiionja ya kwangu anaacha. Hata wivu naona haya kuuona."

Barua ya kuomba jina la mwenye akaunti ilikuwa imetoka kituoni kwenda mji mkuu, mji mkuu ukaipeleka ng'ambo, na huko ng'ambo watu walikuwa likizo ya Krismasi. Kwa hiyo Estenia alibaki na sanamu.

Walilifungua uani kwa kituo, juu ya meza ya kuchezea karata, ndoo mbili za maji kando. Tahadhari haikuwa ya bure. Ulbio alichomoa fataki tatu kifuani, nene kama muwa, akazizamisha moja moja huku amegeuza uso.

"Huyu alitaka kulipuka kama kiwanda," akasema.

"Usiongee, vua sketi."

"Sajini, mke wangu akisikia maneno hayo..."

"Mkeo atanishukuru. Vua."

Estenia aliigeuza sketi ndani nje, akaipeleka kwenye mwanga. Akalipapasa pindo kwa kidole gumba.

"Ulbio, Mwaka Mzee wa kwenu ameshonwa na nani?"

"Nani anashona? Tumefunga kwa waya na pini."

"Basi tazama hapa. Pindo. Limekunjwa mara mbili, mshono hauonekani nje hata ukiutafuta. Na utepe umetiwa bitana. Kitu cha kuungua usiku mmoja, na mtu kakitia bitana."

"Anajivunia kazi yake."

"La. Hakuweza kushona vibaya. Mkono ulikataa."

Wakaendelea kutoa. Unga wa mbao, gazeti, pazia lililopauka, soksi moja ya kiume, fulana iliyochanika kwapani. Hapo hakuna aliyeshangaa. Rocafuerte hakuna anayemshindilia Mwaka Mzee nguo za kuokota. Unatia za nyumba yako, tena zile zilizoona shida: shati ulilofukuziwa kazi, shuka la mgonjwa. Vinginevyo mikosi ya mwaka inabaki kabatini na wewe.

"Mama alikuwa akituonya," Ulbio akasema, akipangusa pua. "Ukichoma nguo ya mtu mwingine, unamsafishia yeye, wewe unabaki mchafu."

"Na huyu aliamini hivyo hivyo. Alikuwa na chuki kwa mtoto wa mtu na mkosi wa kwake, akaona kiberiti kimoja kitamaliza vyote."

Mkosi wenyewe ulikuwa chini kabisa, mahali pa moyo, umekunjwa vizuri. Ilikuwa blauzi nyeupe ya shule. Mkono wa kulia mzima. Mkono wa kushoto ulikuwa umepasuliwa kwa makasi kutoka kwenye kifundo mpaka kwenye kola, mstari umenyooka, na kitambaa kina madoa ya kahawia ya dawa ya vidonda.

"Hii haikuchanika," Estenia akasema. "Hii ilikatwa mwenyewe akiwa bado ndani yake. Hospitalini, mkono hauvuliki. Umevunjika."

Simu ya Ulbio ikalia. Akaisoma, akaacha kupangusa pua.

"Wosia wa Mwaka. Sasa hivi. 'Polisi wamemwiba mzee wangu. Msiwe na shaka, ninaye pacha wake. Usiku tutamwasha, mtatazama moja kwa moja mtandaoni, na mwenyewe aje ajione.'" Akainua kichwa. "Watu arobaini wameshacheka."

"Yupo aliyetuona tukimbeba."

"Mtaa mzima ulituona, Sajini."

"Basi ni wa mtaani. Washa gari."

Kila mtu Rocafuerte alikuwa na jina moja mdomoni, na jina lenyewe lilikuwa Kerly Alcívar. Kerly alishika nafasi ya pili kwa tofauti ya nukta ndogo kabisa, akapewa bendera ya mji badala ya ile ya taifa. Baba yake alikwenda shuleni kugombana. Mama yake aliacha kununua peremende kwa Bi Mariuxi. Kama chuki ingekuwa na anwani, ingekuwa pale.

Walimkuta barazani, amevaa miwani ya jua, anammalizia Mwaka Mzee wao. Huyo alikuwa amevaa suti kamili ya baba yake, na tai.

"Hodi. Hiyo suti imekosa nini?" Estenia aliuliza.

"Baba aliivaa siku aliyokwenda kuomba mkopo, wakamkatalia." Kerly alivua miwani. "Najua mmekuja kwa nini. Kila mtu ananitazama kama nimekula paka wake."

"Nipe mikono."

"Unanifunga?"

"Nipe kwanza, utaogopa baadaye."

Estenia aliibonyeza mikono yote miwili kuanzia kwenye kiwiko mpaka kwenye vidole, akamwambia akunje, anyooshe. Mikono ilikuwa mizima kama ya mcheza mpira wa wavu.

"Uliwahi kuvunjika?"

"Kamwe."

"Kushona unajua?"

"Mimi? Kifungo kikidondoka namwita bibi."

"Unaifuata ile akaunti?"

"Kila mtu anaifuata."

"Sikuuliza habari za kila mtu."

Kerly akatazama chini. "Ninaifuata."

"Ulicheka?"

"Mwanzoni. Nilibonyeza tu ule uso wa kicheko."

"Mara ngapi?"

"Sijui. Ilikuwa ikitokea, unabonyeza. Sikuandika neno hata moja, afande. Kubonyeza ni kosa?"

"Sheria haina kifungu cha kubonyeza," Estenia akasema. "Lakini yule binti anawasoma mmoja mmoja, kwa majina. Jina lako analijua. Mama yake ananiambia anayahesabu."

Kerly alianza kuivuta tai ya sanamu, akaikaza kupita kiasi.

"Mnatafuta kwa wanafunzi," akasema ghafla. "Wote mnatafuta kwetu. Si sisi."

"Unajuaje?"

"Siku ya mtihani wa fizikia walitunyang'anya simu mlangoni, wakazifungia kwenye kabati la mkuu wa shule. Darasa letu zima, na Dayra bado alikuwa anakuja. Tulipotoka tukakuta beti imeshawekwa. Ile ya baba yake. Imewekwa tukiwa ndani. Dayra aliisomea pale koridoni, mimi nimesimama karibu naye. Aliniuliza, 'Kerly, ni kweli?' Kana kwamba mimi ningejua."

"Ukamjibu nini?"

"Niliondoka."

Garini Ulbio alikaa bila kuwasha injini. "Sasa tuna mtu mzima," akasema. "Mtu mzima anayeandika mashairi ya kumcheka mtoto. Bora ningebaki na mafua yangu tu."

Estenia alikuwa ameshapiga simu. Bi Mariuxi alipokea upesi.

"Dayra?"

"Yuko. Nimeketi mlangoni pake."

"Nisikilize. Mnamjua nani aliyevunjika mkono wa kushoto mwaka huu? Msichana wa shule."

"Nexi," Bi Mariuxi akajibu bila kufikiri. "Nexi wa Ramonita. Aliangushwa na pikipiki Januari, mitihani ya kufunga mwaka wa shule ikampita. Maskini, wastani ukashuka. Ule mwaka yeye ndiye aliyekuwa mbele, mbele hata ya Dayra wangu. Dayra alimwandikia madaftari yote, akampelekea mpaka kitandani."

"Na Ramonita kazi yake nini? Nimesahau."

"Anashona. Nusu ya sare za mji huu ni zake. Kwa nini?"

"Bi Mariuxi, nilikuuliza nani mwingine alijua habari ya mumeo. Ukasema hakuna."

"Hakuna."

"Ramonita hakujua?"

Kwenye simu pakawa na sauti ya fataki za watoto, mbali.

"Ramonita si mtu, afande," Bi Mariuxi akasema polepole. "Ramonita ni mimi."

Hakuuliza tena kwa nini.

Nyumba ya Bi Ramonita Cobeña ilikuwa ng'ambo ya barabara kutoka kwa Mariuxi, milango minne mbele. Estenia alisimama nje kabla ya kugonga. Kulia palikuwa na Mwaka Mzee, kushoto palikuwa na Mwaka Mzee aliyeshika chupa. Mlangoni kwa Ramonita hapakuwa na kitu, hata kiti.

Cherehani lilikuwa likienda. Ramonita alikuwa mwanamke mwembamba mwenye pini mdomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto mdogo wa mkononi, ndipo akasalimia. Binti yake Nexi alikuwa akikata ndizi vipande mezani kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameuegemeza tu.

"Karibuni, afande. Mtakunywa kitu baridi? Mmempata yule mshenzi?"

"Tunamkaribia. Mwaka Mzee wenu yuko wapi, dada?"

"Mwaka huu hatukupata nafasi. Kazi nyingi."

"Mwaka wa pikipiki, mkono kuvunjika, mitihani kupotea, na hamkupata nafasi ya kuuchoma?"

Mguu wa Ramonita ulikuwa bado juu ya kanyagio. Estenia alitoa ile blauzi kwenye mfuko, akaitandaza juu ya cherehani, mkono uliopasuliwa juu.

Aliyeongea ni Nexi. Aliinuka na kisu bado mkononi, akagundua, akakiweka mezani.

"Ni mimi. Nilimwonea wivu. Akaunti yangu, sanamu langu. Mama hajui kitu."

"Aa, vizuri," Estenia akasema kwa uchangamfu. "Umenirahisishia, nitawahi chakula. Ile beti ya baba yake uliiweka lini?"

"Siku ile ya... siku ya mtihani."

"Simu yako ikiwa kabatini kwa mkuu wa shule. Una mkono mrefu."

"Niliipanga mapema. Inawezekana kupanga."

"Inawezekana, kweli." Estenia alichukua sindano kutoka kwenye mto wa Ramonita, akaitunga uzi, akampa Nexi. Akamsogezea kipande cha kitambaa. "Nikunjie pindo. Kama lile la sketi. Mshono usionekane."

Nexi alikishika kitambaa kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili vilibana, vitatu vilibaki vimenyooka, havikutaka kufunga. Kitambaa kikateleza. Akakiokota, kikateleza tena. Mara ya tatu mama yake alinyoosha mkono akakichukua.

"Mwache," Ramonita akasema. "Tangu Januari mkono huo haushiki hata kijiko. Mwache."

Ulbio, aliyesimama mlangoni, aligeukia nje.

"Yule pacha wa sanamu yuko wapi?" Estenia aliuliza.

"Hakuna wa pili. Niliandika tu."

"Simu."

Ramonita alifungua droo ya nyuzi, akatoa simu ndogo ya zamani, akaiweka juu ya blauzi. "Nifute? Nitafuta yote sasa hivi."

"Usiguse. Kila neno litasomwa na mwendesha mashtaka. Nitaandika mimi, kwa mkono wangu, kwamba leo hakuna kitakachochomwa."

Aliandika mstari mmoja, akautuma. Kisha akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Haya. Niambie."

"Ulimwona Septemba?" Ramonita alimwonyesha Nexi kwa kidevu. "Waliwapanga uwanjani. Dayra mbele na bendera. Yule wa Alcívar na yake. Wangu akatembea nyuma yao, mikono mitupu. Na mmoja umening'inia. Miaka yote alikuwa wa kwanza, afande. Miaka yote! Ndipo Mariuxi akanigeukia, anatabasamu, akaniambia, 'Dada, leo ni siku yetu.' Yetu!"

"Hiyo ni Septemba. Mimi nakuuliza Oktoba, Novemba, Desemba."

Ramonita alitafuta pini ya kushika, hakuipata. "Nilianza na beti moja, hasira zinitoke. Nikaona watu wamecheka. Mia, mia mbili. Mimi nimeshona miaka ishirini, kichwa chini, hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza. Asubuhi naamka kwanza naangalia wamecheka wangapi."

"Na adhuhuri unampelekea supu."

"Supu ilikuwa ya kweli," Ramonita akasema haraka. "Nakuapia, afande. Kuku ni wangu mwenyewe, nilimchinja kwa ajili yake. Namtazama anakula namwombea apone. Mimi ndiye niliyembeba siku ya ubatizo."

Estenia alimgeukia Nexi.

"Wewe ulijua tangu lini?"

"Kabla ya Krismasi kidogo. Nilitafuta uzi mweupe kwenye droo."

"Na ukanyamaza."

"Ni mama yangu."

Alisema hivyo tu, akatoka. Hakuna aliyemzuia. Walimwona dirishani akivuka barabara, akapita chini ya kamba ya wajane bila kuinama sawasawa, kamba ikamkwaruza kichwani, akaendelea.

Estenia alimwacha Ulbio na Ramonita, akamfuata kwa miguu. Nexi alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya Mariuxi, kwenye jua kali, karibu na kile kiti cha plastiki kilichobaki kitupu. Hakugonga. Mjane mwenye ndevu alitaka kumtania, akamwona uso, akawaambia wenzake wanyamaze.

Ndani, Bi Mariuxi alikuwa sakafuni, mgongo umeegemea mlango wa chumba. Alimtazama Estenia mara moja tu na hakuhitaji kuambiwa.

Estenia alikaa sakafuni pembeni yake. Magoti yalilia. "Dayra," akasema kupitia mlangoni, "nimempata. Naweza kukwambia leo, naweza kukwambia ukiwa na nguvu. Chagua wewe."

"Sema." Sauti ilikuwa karibu sana. Binti alikuwa naye amekaa sakafuni, upande wa pili wa ubao ule ule.

"Ni mtu mmoja. Alijificha nyuma ya jina la bandia. Ni mama yako wa ubatizo. Hakuna sanamu la pili. Hakuna kitakachoungua."

Bi Mariuxi aliziba mdomo kwa aproni.

Estenia alianza kupima mlango kwa jicho, bawaba zake, bega lake mwenyewe, jinsi ya kuuvunja kwa pigo moja. Aliinuka nusu. Ndipo komeo likavutwa.

Dayra alitoka. Alikuwa amejikata nywele mwenyewe, vibaya, upande mmoja mfupi kuliko mwingine, na nguo zilimning'inia. Aliwapita wote wawili kana kwamba ni samani, akaenda mpaka mlango wa mbele, akaufungua. Mwanga ukampiga akajikinga kwa kiganja.

"Ulijua?" akamwuliza Nexi.

"Ndiyo."

"Ulikuja kukaa na mimi kitandani huku unajua?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nikija nikuambie. Kila siku. Nikifika nakuona unakunywa ile supu, nashindwa." Nexi alikuwa akilia bila kujipangusa. "Naweza kuingia?"

Mtaa mzima ulikuwa umetoa vichwa madirishani. Dayra aliwaona. Mdomo wake ulianza kufungwa kwa ile desturi mpya ya kuficha meno, ukasita, na alipojibu alijibu kwa sauti, mdomo wazi, kila mtu akayaona meno yake.

"Leo siwezi kukutazama. Nenda. Njoo kesho."

Akarudi ndani, akaketi mezani, akavuta kitambaa kilichofunika sahani ya peremende, hakula, akaziangalia tu.

Bi Mariuxi alimdaka Estenia mkono, akambana mpaka mifupa ikagusana.

"Umesikia, afande?" akanong'ona. "Kasema kesho."